Kibali, Ridhaa na Hodi: Tahakiki ya Istilahi za Ndege Ndogo Zipitazo Juu ya Nyumba za Watu

Hivi karibuni tuliletewa karatasi moja na mtumishi wa serikali ya mtaa katika eneo la Kariakoo, Dar es Salaam, akituomba tuisome kwa jicho la lugha kabla haijabandikwa ukutani. Ilikuwa na sentensi moja tu: "Ni marufuku kurusha ndege zisizo na rubani kwa starehe juu ya ardhi binafsi bila ya ridhaa ya mmiliki." Kisarufi sentensi hiyo haina dosari, na mwalimu yeyote angeipitisha. Lakini tulipoichambua neno baada ya neno tuliona kwamba karibu kila istilahi iliyomo inampeleka msomaji mahali ambapo mwandishi hakukusudia afike, hata mtu mwenye hila angeweza kuitii sentensi nzima kama ilivyo huku akiwapiga picha jirani zake wakioga.

Jambo hili si la mtaa mmoja. Kanuni za Tanzania zinazohusu vyombo hivi zilitolewa mwaka 2018 kwa Kiingereza, na mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Kwa hiyo kazi ya kuzipatia kanuni hizo maneno ya Kiswahili haiepukiki, na yumkini baadhi ya wasomaji wetu wanayo tayari mezani. Maneno yatakayochaguliwa ndiyo atakayoyasoma hakimu, na ndiyo atakayoyatamka mama wa ghorofa ya nne atakapokwenda kulalamika. Yapasa basi yawe maneno yanayomwezesha kutaja kile hasa kilichomuudhi.

Tuanze na "ndege isiyo na rubani". Hili ni jina lililoenea sana katika redio na magazeti, nalo limezoeleka zaidi katika habari za vita, ambako jambo la kusisitizwa ni kwamba hamna askari ndani ya chombo atakayeuawa kikidunguliwa. Kwa habari za namna hiyo jina linatosha. Kwa Kariakoo halisemi kweli. Ndege ndogo inayopanda kutoka juu ya ghorofa la Mtaa wa Swahili ina rubani, naye amesimama palepale juu ya paa, ameshika rimoti mkononi, anatazama kwenye kioo cha simu yake kila kinachoonwa na kamera. Kinachokosekana ni rubani wa ndani. Rubani mwenyewe yupo. Tofauti hiyo si ya kuchezea, maana sheria siku zote humtafuta mtu. Anayeandika "isiyo na rubani" ameandika, bila kujua, kwamba hapana wa kuulizwa.

Inashangaza zaidi tukikumbuka kwamba jina la Kiingereza la kanuni zetu za mwaka 2018 lina rubani ndani yake: linazungumzia mifumo ya ndege zinazoongozwa na rubani aliye mbali. Rubani huyo amepotelea njiani wakati wa kutafsiri. Kenya, katika kanuni zao za mwaka 2020, walichagua jina la Kiingereza lenye maana ya chombo kisicho na mtu, na mtafsiri wa huko akiandika "isiyo na rubani" walau ana cha kujitetea. Sisi wa huku hatuna. Hata Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa dunia, uliligusa jambo hili katika ibara yake ya 8: ndege yenye uwezo wa kuruka bila rubani isipite bila rubani juu ya nchi mwanachama ila kwa idhini maalumu ya nchi hiyo. Kwa maneno mengine, mataifa yalikubaliana kubishiana hodi miaka mingi kabla ya chombo hiki kuuzwa madukani.

Neno "rubani" lilitufikia kutoka Kiarabu pamoja na mabaharia. Lilikuwa la mtu ajuaye njia za maji, akiongozaye chombo mpaka bandarini. Lilipohitajika angani lilipanda, wala hakuna aliyelalamika. Neno lililotoka baharini likapanda angani halitashindwa kushuka likasimama juu ya paa la Kariakoo. Watoto wa mji huu wamerusha tiara za karatasi tangu zamani, na tiara ikinasa kwenye bati la jirani uzi wake humwonyesha mwenyewe ni nani. Naye huja mlangoni, mara nyingi akisukumwa na wenziwe, kuomba arudishiwe. Droni ni tiara ambayo uzi wake hauonekani. Twapendekeza, kwa maandishi ya sheria, "ndege ya rubani wa mbali", na kwa mtu mwenyewe "rubani". Hatupendi "mrushaji", ingawa ni neno jepesi. Anayerusha jiwe kazi yake imekwisha pale mkono unapoachia, ilhali huyu anakiongoza chombo mpaka kitakapotua.

Kuna pia "ndege nyuki", jina linalosikika sana katika habari za kilimo na wanyamapori, ambako vyombo hivi hutumika kunyunyizia dawa kweleakwelea au kuwafukuza tembo mashambani. Ni jina la kupendeza, na mlio wa chombo unalifaa. Lakini limefasiriwa nusu. Neno la Kiingereza lililokuwa likitazamwa ni la dume la nyuki, asiyeuma wala kutengeneza asali. Mswahili akisikia "nyuki" tu hukimbia. Ugumu mkubwa zaidi uko katika upatanisho. Ndege mwenye mabawa ya manyoya "ametua", ndege ya abiria "imetua". Je, ndege nyuki ametua au imetua? Tumeona maandishi ya wanafunzi yenye yote mawili katika aya moja, na hatukuwa na moyo wa kuwakata alama. "Droni" halina shida hiyo: droni hii, droni hizi, basi. Waliopitia mabishano ya ngamizi, tarakilishi na kompyuta wanakumbuka ni lipi watu walilolichagua bila kutuuliza. Katika tangazo la mtaa tungeandika "droni" bila haya.

"Kwa starehe" tunaweza kulipita upesi. Neno hili mjini linanukia kumbi na vinywaji, na "burudani", ambalo wengine hulipendekeza mahali pake, ni la kuwaburudisha watazamaji, kama ngoma au taarabu. Mpiga picha za harusi anayelipwa atasema anatoa burudani, na atakuwa anasema kweli. Maana iliyokusudiwa ni kurusha kwa kujifurahisha mwenyewe pasipo malipo wala kazi, kwa hiyo "kwa kujifurahisha" inatosha. Inafaa tu kukumbuka kwamba mpaka hapa hauwekwi na mashine, unawekwa na nia. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, na kwa siku kadhaa watu walikuwa wakifukuliwa katika kifusi. Katika saa kama hizo ndege moja na ileile mikononi mwa waokoaji ni chombo cha kazi, na mikononi mwa mtu anayetaka kutazama ni adha kwa maiti na kwa wafiwa.

Sasa tufike kwenye "ardhi binafsi", ambako ndiko karatasi ilikovuja zaidi.

Kwanza, kwa sheria yetu maneno hayo hayasimami vizuri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, naye Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye kiwanja cha Mtaa wa Sikukuu ana haki ya kukikalia na kukitumia kwa miaka iliyoandikwa katika hati yake. Hana ardhi binafsi kwa maana ya mkulima wa Marekani au lodi wa Uingereza. Mtafsiri aliyeandika "ardhi binafsi" amehamisha maneno ya nchi nyingine pamoja na mashamba yake.

Hata huko kwenye mashamba hayo, maneno hayo hayakumsaidia sana mwenye mali. Palikuwa na kanuni ya kale kwamba mwenye ardhi ndiye mwenye anga lote lililo juu yake. Mwaka 1946 Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza shauri la mfugaji wa kuku wa North Carolina aitwaye Causby, ambaye ndege za jeshi zilikuwa zikipita futi 83 tu juu ya uwanja wake, na kuku wake wakifa kwa kujibamiza ukutani kwa hofu. Mahakama ilisema kanuni ile ya kale haina nafasi katika dunia ya ndege. Lakini ilimpa Causby haki yake, ikieleza kwamba mwenye ardhi anastahili anga la karibu, kadiri anavyoweza kulikalia na kulitumia. Miaka ya 1970 huko Uingereza, Lord Bernstein aliishtaki kampuni iliyopiga picha ya nyumba yake kutoka ndegeni, naye akashindwa: kupita tu juu kwa urefu wa kadiri si kuingia katika ardhi ya mtu. Jaji hata hivyo aliongeza kwamba kumvizia mtu nyumbani kwake kwa ndege mfululizo, na kumpiga picha kila afanyalo, huenda kukawa jambo jingine. Ukiyasoma mashauri hayo mawili pamoja utaona kwamba kilichohifadhiwa hasa ni maisha ya walio chini, yaani usingizi wao, mifugo yao na siri za nyumba zao.

Kiswahili kilikuwa na maneno ya mambo hayo kabla ya ndege. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ambayo ndiyo iliyoijenga Kariakoo ya zamani, ina baraza mbele kwa ajili ya wapitao, ukumbi katikati, na nyuma ina ua. Barazani mtu yumo machoni mwa watu na amevaa ipasavyo. Uani kuna jiko na bafu, na mtu yumo katika stara. Neno "ua" ni kizuizi chenyewe na ni mahali palipozuiwa pia. Lakini ua ulijengwa kwa kuwadhania watu watembeao kwa miguu, nao huwazuia vizuri. Kwa juu uko wazi. Nyumba nyingi za namna hiyo zimekwisha kubomolewa na maghorofa yamesimama mahali pake, na ua umepanda juu: kamba za nguo ziko kwenye paa, na usiku wa joto wapo wanaolala huko. Soko Kuu lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 lilijulikana kwa paa lake la zege lenye umbo la miavuli iliyopinduliwa, na hatuwezi kumlaumu kijana anayetamani kulipiga picha paa kama hilo kutoka juu. Soko ni la umma. Shida ni kwamba picha ya soko haiwezi kupigwa bila kuzipiga paa zilizolizunguka.

Tena kuna tundu jingine katika karatasi ile, na hili ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Imekatazwa kurusha "juu ya ardhi" ya mtu. Rubani mwerevu ataipandisha droni yake katikati ya Mtaa wa Kongo, juu ya barabara ambayo si ya mtu, mpaka usawa wa ghorofa ya tatu, kisha ataigeuza kamera kuelekea dirishani. Hakupita juu ya ardhi ya yeyote. Amri ameitii, na chumba chote amekiona. Wakati huohuo ndege ya abiria inayopita juu kabisa ya paa, isiyomwudhi mtu, ndiyo inayoonekana kuivunja amri hiyo. Kihusishi "juu ya" kimebebeshwa mzigo usio wake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16 iliyoingizwa pamoja na haki nyingine za msingi kwa marekebisho ya mwaka 1984, haimtazami mtu kwa kiwanja chake. Inataja nafsi yake, maisha yake binafsi, familia, unyumba na maskani. "Maskani" ndilo neno tulilokuwa tukilitafuta. Mtu anaweza kuwa na maskani bila ya kuwa na hati, na maskani yana madirisha ambayo ardhi haina.

Kutoka hapo "mmiliki" naye hana budi kuondoka. Kariakoo ni mji wa wapangaji. Mwenye jengo aghalabu anakaa mbali, na tangu sheria ya mwaka 2008 iliyoruhusu umiliki wa sehemu za majengo, ghorofa moja laweza kuwa na wenye mali ishirini, kila mmoja na hati yake. Ni yupi kati yao anayeombwa ridhaa? Mwenye nyumba aliyeko Mbezi akisema "rusheni tu" kwa simu, ridhaa ya mmiliki imepatikana, na binti wa mpangaji aliyekuwa akianua nguo hakuulizwa. Iandikwe "wakazi". Neno hilo linamchukua mpangaji, mwenye nyumba akiwa anakaa humo, na hata mlinzi alalaye chini ya ngazi.

Hapa yatupasa kutenganisha maneno ambayo watumishi wengi huyatumia kama pacha. Kibali hutolewa na mamlaka, kina namba na tarehe, na kinaweza kufutwa. Ridhaa hutoka moyoni mwa mtu kwa jambo linalomgusa yeye, wala mamlaka haiwezi kuitoa kwa niaba yake. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2018 mwenye chombo hana budi kukisajili na kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla ya kukirusha. Kibali hicho kinahusu hasa usalama wa anga na wa watu walio chini yake. Hakisemi kwamba watu hao wameridhika kuonekana. Tumesikia vijana wakiulizwa na majirani na kujibu, "Kibali ninacho," kana kwamba mazungumzo yamekwisha. Hawasemi uongo. Wamefundishwa na lugha ya ofisini, ambamo maneno haya mawili yamefungwa katika kifurushi kimoja, pamoja na "idhini" na "ruhusa". Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tunayo sababu zaidi ya kulitunza neno "ridhaa" lisichakae, kwa kuwa picha inayomtambulisha mtu nayo ni taarifa yake.

Ridhaa huombwa vipi kwa chombo kinachoruka? Mila ya pwani inajulikana: mtu hubisha hodi mara tatu, na asipojibiwa hurudi alikotoka. Hodi ina mambo matatu ambayo droni haina. Ina kizingiti, kwa hiyo aliye nje anajua yuko nje. Ina sauti ya mtu, kwa hiyo wa ndani wanajua ni nani. Na ina muda, kwa hiyo aliyevua anaweza kuvaa. Mlio wa mapanga ya droni si hodi, ingawa tumewahi kusikia mzaha huo. Rubani mwenye adabu atazifidia zote tatu kwa miguu yake kabla ya kurusha: atapita ofisi ya serikali ya mtaa, atagonga milango ya majengo yatakayoonekana, atasema ni saa ngapi na kwa dakika ngapi, na akiombwa ataonyesha alichokipiga. Kazi yote hiyo haizidi nusu saa, na ni ya mtu anayekwenda kujifurahisha, asiyekimbizwa na tajiri yeyote.

Limebaki neno la kwanza la karatasi, "marufuku". Serikali ya mtaa haina uwezo wa kuharamisha kilichoruhusiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kijana mwenye kibali atalijua hilo siku ya kwanza. Sentensi ile ilichanganya kanuni na adabu, ikaivika adabu sare ya askari, hali si askari. Mtaa una haki kamili ya kuomba, na ombi lililosemwa wazi lina nguvu yake katika jamii ya watu wanaojuana. Tuliandika upya hivi:

"Wakazi wa mtaa huu wanaomba: kabla ya kurusha droni kwa kujifurahisha, rubani apige hodi katika ofisi ya mtaa na apate ridhaa ya wakazi ambao madirisha, nyua au paa zao zitaonekana katika kamera yake. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni sharti la sheria, na hakichukui nafasi ya ridhaa hiyo. Rubani asimame mahali anapoonekana."

Ni ndefu kuliko ya kwanza, na mwenye kupenda ufupi ana haki ya kutulaumu. Mtumishi aliyetuletea karatasi aliisoma mara mbili, akaisifu sentensi ya mwisho, kisha akasema kwamba Kariakoo hakuna mtu anayesimama kusoma tangazo linaloanza kwa "wanaomba". Tulimweleza tena habari ya mamlaka na mipaka yake. Alitikisa kichwa kwa heshima, akaikunja karatasi yetu, na wiki iliyofuata tuliikuta imebandikwa ukutani neno kwa neno kama tulivyoiandika, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, ameongeza: "Kwa amri."